Ulimwuliza Nani?

Mwezi Machi mwaka 2024 nilitangaza kifo cha mjomba wangu, naye yu hai mpaka leo. Nausimulia mkasa huu kwa idhini yake mwenyewe. Nilimwomba radhi kwanza, ruhusa baadaye, naye alinijibu kwamba niandike nipendavyo, mradi nisimtaje jina, kwa sababu jina lake, alisema, nimekwisha kulitumia vya kutosha.

Ilikuwa siku ya Jumatano, saa moja kasorobo asubuhi. Nilikuwa ndani ya daladala kutoka Mbagala kwenda mjini, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba na mwingine umeshika simu. Ndugu msomaji aliyepata kusafiri kwa daladala za Mbagala wakati wa kwenda kazini anajua kwamba mtu akiwa katika hali hiyo hawezi hata kujikuna, lakini kusoma simu anaweza. Tulikuwa tumekwama Mtongani. Mbele yangu kijana mmoja alikuwa akitazama mpira uliochezwa juzi. Mama mmoja aliyempakata mtoto alikuwa akisikiliza ujumbe wa sauti wa nduguye, na kwa kuwa aliufungulia kwa sauti kubwa, basi zima tukapata kujua kwamba shemeji hajatuma fedha za ada. Hakuna aliyeshangaa. Zamani daladala lilikuwa mahali pa kubishana na watu usiowajua. Siku hizi kila abiria hubishana na watu wasiokuwemo.

Ndipo ujumbe ulipoingia. Uliletwa na binamu yangu aliyeko Korogwe katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu, lenye watu 93. Ilikuwa picha ya basi dogo lililolala ubavu, watu wamelizunguka, na chini yake maneno machache: ajali mbaya imetokea alfajiri hii kati ya Muheza na Tanga, waliotambuliwa mpaka sasa ni hawa wafuatao. Yakafuata majina mawili. La pili lilikuwa jina la mjomba wangu, lake na la baba yake.

Wakati huo nilikuwa najua mambo mawili. La kwanza, mama alikwisha kunieleza kwamba siku hiyo Mjomba angekwenda Tanga mjini kupimwa macho, na kwamba angeondoka Muheza alfajiri. La pili, Mjomba hana simu ya kisasa. Anatumia kile kisimu cha vibonye tunachokiita kitochi, na kwa hiyo hayumo katika kundi. Nikampigia. Yule bibi wa kwenye mitambo akanijibu kwamba simu ninayopiga haipatikani kwa sasa. Nilipiga mara moja tu. Sikupiga mara ya pili, sikumpigia mkewe, sikupiga kituo cha polisi, wala sikumtafuta mwandishi mwenzetu aliyeko Tanga, ambaye namba yake ninayo na ambaye habari za ajali za barabara ile ni sehemu ya kazi yake. Nilirudi katika kundi, nikakuta watu wanaulizana, "Jamani, ni kweli?" Mmoja wao akaniita kwa jina: wewe mtu wa magazeti, tuambie. Nami nikaandika maneno matatu tu: "Ni kweli. Nimefuatilia."

Nimekaa katika chumba cha habari kwa miaka kumi na miwili. Nina stashahada ya uandishi wa habari, na somo la kwanza tulilofundishwa chuoni, kabla ya lile la kuandika aya ya kwanza, lilikuwa kwamba habari ya kifo haina haraka, kwa kuwa aliyekufa hatakwenda popote. Mkufunzi wetu alilisema hilo kwa mzaha, nasi tukacheka na kuliandika katika madaftari. Ingekuwa kwamba mwandishi mchanga ameniletea habari ile mezani, nimezoea kumwuliza: umeipata kwa nani, naye aliipata kwa nani, na je, umezungumza na mtu aliyekuwapo? Angenijibu kwamba alipiga simu moja na haikupatikana, ningemrudisha kwenye kiti chake. Simu isiyopatikana maana yake ni kwamba simu haipatikani. Pengine chaji imekwisha. Ndivyo ilivyokuwa: chaji ilikwisha.

Kwa nini basi nikafanya vile? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu la kweli halinipendezi. Huzuni ilikuwapo, siikatai. Mjomba ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha tano na cha sita kwa fedha za michungwa. Lakini pamoja na huzuni ile palikuwa na kitu kingine kidogo, chenye ladha nisiyotaka kuikiri. Nilikuwa nimeulizwa. Watu 93 walikuwa wakinisubiri. Nikaziona zile alama mbili zikigeuka kuwa za buluu, ishara kwamba wote wamekwisha kusoma, na kwa dakika mbili tatu, nikiwa nimebanwa katikati ya daladala, niliona kwamba kazi yangu ina maana katika ukoo. Kisha wakaanza kulia kwa maandishi. Upande wa wakwe zetu Wakristo wakaweka picha za mishumaa, upande wetu wakaweka dua, na binamu mwingine akauchukua ujumbe wangu na kuupeleka katika makundi mengine akiwa ameuongezea utangulizi: "Mwanahabari wetu amethibitisha."

Yaliyotokea Muheza siku hiyo nimeyapata kwa vipande, kutoka kwa watu mbalimbali, na safari hii niliuliza kila mmoja zaidi ya mara moja.

Ilipofika saa tatu turubai lilikuwa limekwisha kufungwa uani kwa Mjomba. Majamvi yaliazimwa msikitini. Vijana wawili walitumwa Tanga kutafuta maiti. Mke wa Mjomba aliketishwa chini, akafunikwa kanga, wanawake wakamzunguka. Alikataa kwanza, alisema mumewe ameondoka na chai tumboni na miwani mfukoni na hajafa. Wakamwonyesha simu. Hajui kusoma vizuri bila miwani, lakini aliambiwa kwamba habari imethibitishwa na mimi, na hapo, kama alivyonieleza mwenyewe, ndipo alipolia. Mama yangu, ambaye ni dada wa Mjomba wa tumbo moja, alipanda basi kutoka Korogwe akiwa na nguo za shambani. Alifika Muheza saa sita, akavuka kizingiti, akaanguka. Shinikizo la damu. Alilazwa siku mbili, na mpaka leo anameza vidonge ambavyo kabla ya siku ile hakuwa akivimeza.

Mjomba aliteremka garini saa kumi jioni. Alikuwa amepimwa macho, amepewa dawa ya matone, na kwa ajili ya dawa ile alikuwa haoni vizuri. Alipokaribia nyumbani aliona turubai, akaona watu wamekaa kimya, akasikia wanawake ndani. Jambo hili hakuna aliyenitayarisha kulisikia. Alidhani mkewe amekufa. Akaanza kukimbia, mzee wa miaka sabini na miwili, mkoba mkononi, akiuliza kwa sauti, "Ni nani? Ni nani?" wala hapakuwa na mtu aliyemjibu, kwa kuwa kila aliyemtazama alishikwa na butwaa. Watoto walikimbia. Mzee mmoja wa msikiti akaanza kusoma. Ilichukua muda kabla mtu mmoja hajapata nguvu ya kumwambia kwamba marehemu ni yeye.

Watu wa Muheza wameigeuza habari hii kuwa kichekesho, na ni haki yao. Mjomba mwenyewe hucheka akisimuliwa sehemu ya mzee wa msikiti. Sehemu ya kukimbia hacheki.

Nilisafiri kesho yake kutoka kituo cha mabasi cha Mbezi, na kwa muda wote, kutoka Chalinze mpaka Segera, nilikuwa natunga maneno ya kumwambia. Nilimkuta amekaa kibarazani, macho bado mekundu kwa dawa. Nilimshika mkono, nikaanza kueleza: picha, majina, simu kutopatikana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniita "Mjomba", maana kwetu jina hilo huitana pande zote mbili. "Mjomba," alisema, "wewe ni mtu wa habari. Ulimwuliza nani?"

Sikuwa na jina la kumtajia.

Akanisimulia jambo nililokuwa silijui. Babu yangu alipofariki mwaka 1983, yeye Mjomba ndiye aliyepewa kazi ya kuwajulisha ndugu. Alikwenda posta kupeleka simu ya maandishi kwa kaka yao aliyekuwa Mwanza. Simu zile zililipiwa kwa neno, na fedha hazikuwapo, kwa hiyo aliketi kwenye benchi la posta akiwa na kalamu, akifuta neno moja baada ya jingine, na kila alipofuta alilazimika kuuliza nafsi yake lipi ni la lazima. Kisha wakatangaza katika redio. Wasomaji wenye umri wangu wataikumbuka saa ile ya matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam, nyumba nzima ikinyamaza, mtangazaji akitaja jina la anayetangaza, jina la marehemu, mahali, siku, kisha orodha ndefu ya ndugu na mahali walipo ili habari ziwafikie. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni orodha tu. Sasa naona kwamba tangazo lile lilianza na jambo la maana kuliko yote: nani anasema.

Nami nimekuwa nikiyatazama tangu hapo maumbo ya vyombo hivi viwili, gazeti na simu, kwa jicho la mtu aliyeungua. Ukurasa wa gazeti una ngazi. Habari kubwa ina herufi kubwa, na herufi zile hazikujipanga zenyewe. Mhariri amebishana na mwenzake juu yake, pengine kwa sauti iliyosikika mpaka korido. Juu ya habari pana jina la mwandishi na mji aliko. Tangazo la biashara limewekewa mstari ulizungukalo ili msomaji asilichanganye na habari. Simu haina ngazi hizo. Kifo cha mjomba, utani wa Simba na Yanga, bei ya magodoro, dawa ya vitunguu ya kutibu kila ugonjwa na mwaliko wa kikao cha harusi vyote huja na herufi zile zile, ukubwa ule ule, ndani ya kisanduku kile kile. Jina lililo juu ni la mtu aliyekuletea, si la mtu aliyesema. Na aliyekuletea ni shangazi yako. Utamwambiaje shangazi alete ushahidi?

Hapa ndipo penye siri ya nguvu yake, nadhani. Kila asubuhi nikishuka Posta hupita kwenye meza ya muuza magazeti, ambapo wanaume kumi au kumi na watano husimama, mikono nyuma, wakisoma vichwa vya habari bila kununua. (Sisi wenye magazeti tunalalamika juu ya watu hawa, lakini ndio wasomaji wetu wakali kuliko wote.) Wanashuku kila kitu. "Hii wameikuza." "Hii ya kulipwa hii." Basi nikamwona mmoja wao, baada ya kulibeza gazeti la watu kwa dakika tano, akitoa simu mfukoni na kuwasomea wenzake habari isiyo na mji, siku wala mwandishi, nao wakaipokea kwa kutikisa vichwa. Gazeti limeandikwa na mtu wasiyemjua. Simu imeletwa na shemeji.

Wasidhani wasomaji kwamba jambo hili ni la kwetu peke yetu, au ni la kuchekesha kila mahali. Mnamo Julai 2018, katika kijiji cha Rainpada, jimbo la Maharashtra nchini India, wanaume watano waliokuwa wapita njia walipigwa na umati mpaka wakafa, kwa uvumi uliosambazwa kwa simu kwamba kuna watu wanaoiba watoto. Hawakuwa wezi wa watoto. Mwezi huo huo wenye WhatsApp wakaanza kuweka alama juu ya ujumbe uliohamishwa kutoka mahali pengine, na Januari 2019 wakapunguza duniani kote idadi ya mahali unapoweza kuupeleka ujumbe kwa mara moja, isizidi makundi au watu watano. Baadaye wakaweka mishale miwili kwa ujumbe uliokwisha kupita mikono mitano au zaidi, na Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, wakaamuru ujumbe wa namna hiyo upelekwe mahali pamoja tu kila mara. Kampuni hiyo ilieleza kwamba usambazaji wa ujumbe wa aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Yaani kidole kikitakiwa kufanya kazi mara ya pili, watu wengi huacha.

Nilirudi kuutazama ule ujumbe wa binamu yangu wa Korogwe. Ulikuwa na mishale miwili. Ilikuwapo pale tangu mwanzo, juu ya picha, midogo, ya kijivu, nami niliiona bila kuiona. Wangu haukuwa na mshale hata mmoja. Nilikuwa nimeuandika mwenyewe kwa kidole changu, na kwa hiyo mitambo yote ile ya California haikuwa na sababu ya kuushuku.

Ile picha je? Mpigapicha wetu ofisini aliitafuta katika intaneti, na kabla chai yake haijapoa alikwisha kuipata: ilikwisha kutumika miaka kadhaa nyuma kwa ajali nyingine, ya mkoa mwingine. Akanionyesha pia jambo nililopaswa kuliona mwenyewe, kwamba udongo wa pembeni mwa barabara katika picha ile ni mkavu na mweupe, wakati Muheza mwezi Machi, mvua zikiwa zimeanza, ni kijani na matope. Nimepita barabara ile tangu utotoni. Ajali yenyewe haikutokea. Nani aliyaongeza yale majina mawili na kwa nia gani, sikuweza kugundua. Muheza ina wazee wenye jina la Mjomba karibu sawa na michungwa.

Nilijaribu kusahihisha. Katika gazeti, tukikosea, masahihisho hutoka, na ingawa huwa madogo kuliko kosa, hutoka kwa wasomaji wale wale. Katika simu nilikuta hakuna njia ya kuwafuata watu. Niliufuta ujumbe wangu katika kundi, na mahali pake pakabaki maandishi ya kusema kwamba ujumbe umefutwa, jambo lililowafanya waliochelewa waulize kwa hamu zaidi ni nini kilichofutwa. Niliandika kuomba radhi. Wengi waliweka kidole gumba. Lakini nakala zilizokwisha kwenda katika makundi mengine ziliendelea na safari zao, na wiki mbili baadaye maneno yangu yalinirudia kupitia kundi la watu niliosoma nao sekondari: picha ile ile, majina yale yale, na chini, kama muhuri, "Ni kweli. Nimefuatilia." Aliyeileta alikuwa akinipa pole.

Lilibaki suala la rambirambi. Asubuhi ile, kabla ya saa nne, ndugu walikwisha kutuma kwa simu shilingi 486,000 kwa mweka hazina wetu, binamu aliyeko Tanga. Marehemu aliporudi, baadhi walianza kudai fedha zao, wengine kwa utani, mmoja kwa dhati kabisa. Wazee wakasema rambirambi hairudi. Vijana wakasema hiyo si rambirambi kwa kuwa hakuna msiba. Mabishano yalichukua siku nne na ndiyo yaliyokuwa marefu kuliko yote niliyopata kuyaona katika kundi lile. Nilijitolea kuwarudishia kila mmoja kutoka mshahara wangu, nikakatazwa. Mwishowe akaulizwa Mjomba, naye akasema, zitunzwe; ana miaka sabini na miwili na hazitakaa sana.

Zimetunzwa. Mjomba sasa ana desturi ya kunipigia kwa kile kitochi chake, aghalabu asubuhi, saa ambayo anajua nimo ndani ya gari. Majuzi alinipigia hivyo. Nilikuwa nimesimama, nimeshika bomba. "Mjomba," alisema, "nimekupigia nikujulishe kwamba bado nipo. Kama kuna mtu atakayeuliza, mwambie umemwuliza mwenyewe." Nikacheka, naye akacheka. Kisha akataka kujua macho ya mama yako vipi, na vidonge anavimeza, na zile fedha bado ziko kamili.

Nikamwambia kwamba nadhani ziko kamili.

"Usidhani," akasema. "Mpigie."